Biashara yako inahitaji websaiti ya kutengenezwa kuanzia sifuri? Anza na karatasi kwanza

Kila mara swali linakuja vilevile. Mtu ana biashara inayokwenda vizuri, anataka websaiti, ameshaongea na watu wawili, mmoja kamwambia chukua templeti tu, yaani muundo uliotengenezwa tayari, ndani ya siku mbili uko hewani, mwingine kamwambia templeti zote zinadukuliwa, bora utengenezewe ya kwako kuanzia sifuri ndo utalala usingizi. Na wote wawili hawakumuuliza hiyo websaiti inakuja kufanya kazi gani. Niko kwenye hii kazi ya kutengeneza na kurekebisha websaiti za watu kwa miaka sasa, na kabla sijafungua kompyuta nauliza vitu viwili: mteja akiingia humo anaacha nini, na akishakiacha nani anaruhusiwa kukiona. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, sehemu kubwa ya uamuzi imeshapatikana.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika kila kitu ambacho mteja atakiacha kwako kupitia websaiti, kila kitu kabisa, jina, namba ya simu, barua pepe, anwani, picha ya kitambulisho, mkataba, majibu ya vipimo, historia ya malipo, hata ile sehemu ya "maelezo mengine" ambayo watu huwa wanaandika mambo yao mazito bila kufikiria. Alafu mbele ya kila kimoja andika nini kitampata huyo mteja kikiangukia kwa mtu asiyehusika. Namaanisha mteja, sio wewe. Watu wengi wakifika hapo wanaandika "biashara yangu itaharibika jina", hapana, andika yeye itamkuta nini, atatapeliwa? Atadhalilishwa? Kuna mtu anamtafuta na sasa atajua anapoishi? Hiyo safu ya pili ndo itakayokwambia unashika kitu chepesi au unashika kitu kizito.

Kama karatasi yako inaishia kwenye jina, simu na ujumbe wa "naomba mnipigie", basi unachohitaji ni bango zuri la kwenye intaneti. Kurasa chache, picha zinazoeleweka, saa za kazi, namba ya kupiga, fomu moja. Chukua iliyo tayari na usisikilize mtu atakayekwambia vingine. Kama unauza bidhaa za kawaida kwa njia ya kawaida, mteja anachagua, analipa, anatumiwa, hapo pia chukua mfumo wa duka ulio tayari, Shopify au mwingine wa aina hiyo, kwa sababu wenye hiyo mifumo wana watu wanaolinda seva (kompyuta ambazo websaiti zinakaa) usiku na mchana na wewe huwezi kuajiri watu wa namna hiyo kwa ajili ya duka moja.

Hapa lazima niseme kitu ambacho baadhi ya madevelopa wenzangu hawakipendi. Usalama peke yake sio sababu ya kutengenezewa websaiti kuanzia sifuri. Kuna imani kwamba WordPress, ile programu iliyo tayari ya kujengea websaiti, inadukuliwa kwa sababu kila mtu anaijua, kwa hiyo ukitengeneza ya kwako wadukuzi hawataijua, hawataisumbua. Ni kweli WordPress inabeba zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani na ni kweli inatafutwa sana. Lakini wanaotafuta mara nyingi hata sio watu, ni programu zinazozunguka mtandaoni zikigonga kila mlango, haziangalii websaiti ni ya nani, zinajaribu fomu zako, zinajaribu ukurasa wako wa kuingia, zinajaribu kuingiza amri za databesi (ghala la taarifa za websaiti) kwenye kisanduku cha kutafuta, na zikikuta msimbo ulioandikwa na mtu mmoja kwa haraka bila mtu wa pili kuupitia zinaingia kiulaini. Tofauti ni kwamba tundu, yaani kosa la programu linaloacha mwanya wa kuingia, likiwa kwenye WordPress maelfu ya watu wanalitafuta ili walizibe, likiwa kwenye ya kwako anayelitafuta ni yule anayetaka kuingia tu.

Angalia kilichotokea mwanzoni mwa 2017. Lilipatikana tundu kwenye WordPress lililomwezesha mtu yeyote kubadilisha maandishi ya ukurasa bila hata kuwa na akaunti. Dawa, yaani apdeti ya kuliziba, ilitoka mwishoni mwa Januari, na websaiti zilizokuwa zinajisasisha zenyewe zilipona kimyakimya, wenyewe wengi hawakujua hata kama kulikuwa na hatari. Zilizochafuliwa, na kurasa zilizochafuliwa zilipita milioni moja, ni zile ambazo hazikuipata hiyo dawa kwa wakati. Kwa hiyo ukiwa na WordPress mambo yako ni haya: washa kujisasisha, futa plagini (programu ndogo za kuongezea websaiti kazi) usizotumia maana matundu mengi huwa kwenye plagini kuliko kwenye WordPress yenyewe, usiweke kabisa plagini au templeti za kulipia ulizozipata "bure" mahali, weka hatua ya pili ya kuingia, mfano namba ya siri inayokuja kwenye simu baada ya paswadi, kwa kila mwenye akaunti ya uongozi. Ukifanya hivyo kwa websaiti ya bango uko sehemu nzuri.

Na ile kufuli kwenye brauza, nayo inachanganya watu. Mtu anakwambia websaiti yangu ni salama, ina kufuli. Ile inamaanisha tu kwamba njiani kati ya simu ya mteja na seva yako hakuna anayeweza kusoma kinachopita. Kikishafika kwenye seva kinahifadhiwaje, nani anakifungua, ile kufuli haijui. Cheti chenyewe kinacholeta hiyo kufuli siku hizi ni cha bure, shirika la Let's Encrypt wanatoa tangu 2015, na Chrome kuanzia Julai 2018 inaandika kabisa "sio salama" kwenye websaiti isiyo nacho. Kwa hiyo mtu akikuuzia kufuli kama sehemu ya "websaiti ya usalama wa hali ya juu" muulize na vingine.

Sasa lini unahitaji ya kwako?

Dalili kubwa kuliko zote, na ndo nitakaa hapa muda mrefu, ni pale swali la "nani anaona nini" linapokuwa gumu. Websaiti ambapo kila mtu anaona kitu kilekile ni rahisi. Websaiti ambapo mteja anaona vya kwake tu nayo bado inawezekana kwa mifumo iliyo tayari. Lakini biashara ikikua unakuta mteja anaona vya kwake, mhasibu wa mteja anaona ankara peke yake asione mikataba, wakala anaona wateja aliowaleta yeye ila sio namba zao za vitambulisho, msimamizi wa tawi anaona tawi lake, na wakala akiondoka kazini leo saa kumi basi saa kumi na dakika moja asione kitu. Ukianza kuziunganisha hizo ruhusa kwa plagini tatu nne ambazo kila moja imeandikwa na mtu tofauti asiyemjua mwenzake, hapo ndo mambo yanavuja. Yanavuja katikati, pale plagini moja inapoamini kwamba nyingine imeshaangalia kama mtu anaruhusiwa.

Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kuna biashara iliniita niangalie kwa nini websaiti yao iko polepole, wateja wao wanaingia, wanapakua nyaraka zao. Nikapewa akaunti ya majaribio, nikafungua waraka mmoja, nikaangalia juu kwenye anwani ya brauza, mwisho wa linki kuna namba 1047. Nikabadilisha ile 7 ikawa 6, nikabonyeza ingiza. Ukafunguka mkataba wa mtu mwingine, jina lake, sahihi yake, kila kitu. Nikajaribu 1045, hivyohivyo. Ukurasa wa kuingia ulikuwa mzuri tu, paswadi ngumu zinadaiwa, kufuli ipo, lakini ukishapita mlangoni hakuna mtu anayeuliza tena "huu waraka ni wako?". Niliwaambia wazime ile sehemu siku hiyohiyo, na suala la websaiti kuwa polepole tuliliongelea wiki iliyofuata.

Usidhani hayo ni ya biashara ndogo. Mwaka 2019 kampuni kubwa ya Marekani inayoshughulika na hati za nyumba, First American Financial, ilikutwa na kosa hilohilo, unabadilisha namba kwenye linki unapata nyaraka za mtu mwingine, na rekodi zilizokuwa wazi zilikuwa kama milioni 885. Shirika la OWASP ambalo linaorodhesha aina za matundu ya websaiti liliweka aina hii ya kosa, yaani ruhusa zisizokaguliwa, namba moja kwenye orodha yake ya 2021.

Jaribu leo kwenye websaiti yako, haihitaji utaalamu. Fungua akaunti mbili za majaribio. Ingia na ya kwanza, fungua kitu ambacho ni cha huyo mtu peke yake, ankara au waraka au picha, nakili linki. Toka kabisa. Fungua dirisha la faragha la brauza, bandika ile linki bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Ikifunguka, una shida kubwa. Isipofunguka usishangilie bado, ingia na akaunti ya pili alafu bandika linki ileile. Hapo ndo wengi wanaangukia. Na jaribu mafaili yenyewe, PDF na picha, usiishie kwenye ukurasa tu, kwa sababu mara nyingi ukurasa umelindwa ila faili limekaa kwenye folda iliyo wazi kwa dunia nzima. Fanya hivyo kwenye websaiti yako mwenyewe lakini, ya mtu mwingine usiiguse bila ruhusa yake.

Kama karatasi yako ilikuwa na vitu vizito, na ruhusa zako ni za ngazi nyingi kama nilivyoeleza, na majaribio hayo yanafeli au developa anakwambia plagini haiwezi, basi jibu ni ndiyo, unahitaji mfumo uliotengenezwa kwa ajili yako, ambapo kila ombi linapofika kwenye seva linaulizwa wewe ni nani na hiki ni chako.

Dalili ya pili ni kazi ya mikono iliyojificha nyuma ya websaiti. Fuata oda moja tangu mteja anapobonyeza mpaka anapopata huduma, kaa na wafanyakazi wako uone kwa macho, usiwaulize tu. Hesabu mara ngapi mtu anasoma kitu kwenye skrini moja na kukiandika kwenye nyingine. Nimewahi kukaa na dada mmoja anayepokea oda, anafungua barua pepe, ananakili jina kwenye Excel, anarudi ananakili namba ya simu, anafungua WhatsApp anamtumia mtu wa stoo, anasubiri, anarudi kwenye Excel anaweka rangi ya njano, na kule kwenye websaiti bidhaa bado inaonekana ipo wakati ile ya mwisho imeshatoka. Alikuwa mwangalifu sana yule dada lakini binadamu akinakili mara nyingi hivyo kwa siku lazima siku moja akosee. Mara moja au mbili kwa oda, vumilia au tafuta plagini. Mara tano sita, na sababu ni kwamba utaratibu wako haufanani na wa biashara nyingine yoyote, hapo mfumo wa kwako utajilipa. Ila sikiliza, hakikisha kwanza utaratibu wenyewe una sababu ya kuwa tofauti. Saa ingine biashara inafanya jambo kwa mzunguko kwa sababu tu aliyeanzisha alizoea hivyo, na ni rahisi zaidi kubadilisha mazoea kuliko kuyajengea programu.

Dalili ya tatu inatoka nje, sheria na wateja wakubwa. Nchi nyingi sasa zina sheria ya taarifa binafsi. Ile ya Ulaya, GDPR, inafanya kazi tangu tarehe 25 Mei 2018, na inataka ukivujisha taarifa za watu utoe ripoti kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu ujue, isipokuwa kama uvujaji wenyewe hauelekei kumletea mtu madhara, na faini yake kwa makosa makubwa inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, kinachozidi ndicho kinachukuliwa. Sasa jiulize, ukiambiwa leo kuna taarifa zimevuja, unaweza kujua nani alifungua nini na saa ngapi? Mfumo wako unaandika hayo? Kama mteja mkubwa amekuletea fomu ya maswali ya usalama kurasa kumi na wewe huwezi kujibu nusu yake, nayo ni dalili, ingawa usikimbilie kujenga kwa ajili ya mteja mmoja ambaye bado hajasaini.

Vitu ambavyo sio dalili: kwamba templeti yako inafanana na ya mtu mwingine, kwamba mshindani katengenezewa, kwamba websaiti iko polepole. Polepole mara nyingi ni picha kubwa mno au hostingi (mahali ulipokodi websaiti ikae) dhaifu.

Kuna njia ya katikati na ndo ninayowashauri wengi. Kurasa za matangazo ziache kwenye mfumo ulio tayari, ile sehemu moja ya wateja kuingia ndo itengenezwe, ikae kwenye anwani yake ndogo (neno la ziada mbele ya jina la websaiti yako) na seva yake, isishee databesi na blogu. Bango likichafuliwa, nyaraka za wateja ziko kwingine. Na malipo ya kadi usiyaguse kabisa hata kama kila kitu kingine unatengenezewa, mpeleke mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Kanuni za kadi, PCI DSS, zinakataza kuhifadhi ile namba fupi ya nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, sasa nikikuta Excel ina hizo namba moyo unashtuka. Na ukurasa wa malipo usiujaze vijiprogramu vya kuhesabu wageni na matangazo. British Airways mwaka 2018 waliibiwa taarifa za wateja zaidi ya laki nne kwa sababu wadukuzi walibadilisha msimbo unaoendeshwa kwenye kurasa zao ukawa unanakili kile mteja anachoandika, wakapigwa faini ya pauni milioni 20.

Umeamua kutengenezewa, sasa unamjuaje mtu sahihi. Muulize paswadi za wateja zinahifadhiwaje, akikutajia bcrypt au Argon2, ambazo ni njia za kuichakata paswadi isiweze kusomwa tena, hapo ni vizuri, akisema "zipo kwenye databesi, ukisahau nakutumia" ondoka hapo, kwa sababu paswadi inayoweza kusomwa na yeye inaweza kusomwa na mwizi pia. Muulize anatumia fremuweki gani, yaani msingi wa msimbo ulioandikwa tayari ambao developa anajengea juu yake. Jibu la "naandika kila kitu mwenyewe" linasikika la kishujaa lakini sehemu ya kuingia na kulinda fomu imeshaandikwa vizuri na watu wengi kwenye Laravel, Django na wenzao, kutengenezewa kuanzia sifuri maana yake ni mantiki ya biashara yako, sio kuchonga kufuli upya. Muulize bakapu (nakala za akiba) ziko wapi, alafu usiishie hapo, mwambie arudishe moja mbele yako. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea. Domeini (jina la websaiti yako mtandaoni) iandikwe kwa jina la biashara yako, msimbo wote ukae kwenye akaunti yako, hili liwe kwenye mkataba kabla hujalipa chochote. Na mtu mwingine, asiye yeye, aijaribu kabla haijafunguliwa.

Alafu swali la nani atailea. Equifax, kampuni kubwa ya taarifa za mikopo Marekani, ilikuwa na mfumo wake wa kupokea malalamiko ya wateja, umejengwa juu ya kitu kinachoitwa Apache Struts. Dawa ya tundu la Struts ilitoka Machi 2017. Hawakuiweka. Wadukuzi wakaingia Mei, wakakaa mpaka Julai, taarifa za watu kama milioni 147 zikaondoka. Hiyo ni kampuni yenye idara nzima ya kompyuta. Kwa hiyo kwenye mkataba wako iwepo sehemu ya matunzo: nani anaweka apdeti, ndani ya siku ngapi tangu dawa itoke, nani anapigiwa simu usiku. Kama bajeti yako inatosha kujenga tu na haitoshi kulea miaka mitatu inayofuata, basi bado, chukua iliyo tayari.

Na kama umesoma mpaka hapa hujui uko upande gani, usijenge chochote kwa miezi mitatu. Tumia kilicho tayari hata kama hakitoshi, usiweke humo vile vitu vizito vya kwenye karatasi, na weka daftari mezani pa anayepokea oda. Kila mfumo unapokataa kitu, aandike tarehe, mteja alitaka nini, na yeye alifanyaje. Baada ya hiyo miezi mitatu lifungue. Likiwa na mistari michache inayojirudia tafuta plagini, likiwa limejaa mpelekee developa hilo daftari lenyewe, usimwandikie kitu kingine, maana humo ndimo yalimo mambo ambayo templeti imeshindwa, kwa maneno ya mtu aliyekuwa anahangaika nayo.